Kabla Hujaongeza Kasi ya Prosesa

Mwanangu, nakumbuka Alhamisi moja ambayo mpaka leo sipendi kuisimulia. Umeniambia unataka kuongeza kasi ya prosesa ya kompyuta yako kupita ile iliyowekwa kiwandani, na unaniuliza ununue kipozeo gani. Nitakujibu. Lakini kaa kwanza, kwa sababu ninayoyajua nilijifunza kwa hasara ya mtu mwingine.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na studio ndogo ya filamu za harusi hapa mtaani Mabanga, Goma. Jumatatu ya juma lile alikuja Mama Kavira wa kijiji cha Kibati. Mume wake alikuwa amefariki muda mfupi baada ya kumwoza binti yao, na filamu ya harusi hiyo nilikuwa sijaimaliza. Jumapili ilikuwa misa ya kuondoa matanga, ndugu wakija kutoka mbali, hata Butembo. Mama alitaka jambo moja tu. Siku ya harusi baba alisimama akambariki binti kwa maneno marefu, na yeye alikuwa jikoni na sufuria za wageni. Hakuyasikia. Binti naye alikuwa akilia, alikumbuka mwanzo tu.

"Nitamusikia siku ya misa, pamoja na wengine," aliniambia. Nikamwahidi Ijumaa.

Umeme wetu ulikuja saa chache kwa siku, na kompyuta yangu ilikuwa ya polepole. Nilikuwa nimesoma mahali namna ya kuongeza kasi. Nikaingia kwenye mipangilio ya ndani, nikapandisha namba, nikapandisha tena. Kipozeo, kile chuma chenye mapezi na feni kinachokaa juu ya prosesa kuondoa joto, sikukigusa. Kilikuwa kile kidogo kilichokuja na mashine. Kompyuta ilizimika mara mbili. Mara zote mbili niliiwasha tena. Nikafungua ubavu wa sanduku la kompyuta, nikaielekezea feni ya mezani, na nakuambia ukweli, nilijiona fundi.

Alhamisi mchana picha iliganda, kioo kikawa cheusi. Ilipowaka tena, faili zilikuwepo kwa majina tu. Hata moja haikufunguka. Na kaseti ya kamera nilikuwa nimesharekodi harusi nyingine juu yake.

Nikaibeba kompyuta kwa Muzee Anselme, fundi wa kompyuta wa mtaa wetu, mtu wa maneno machache. Alichomoa kipozeo, akakigeuza kwenye mwanga. Katikati ya mapezi mlikuwa mmejaa vumbi jeusi la mawe ya volkano, lile linaloingia kila nyumba yetu.

"Uliongeza mbio," alisema. "Na joto ulifikiri litapita wapi?"

Nikamwambia ilikuwa kazi ya haraka, ya mama mmoja aliyefiwa.

Aliweka kipozeo chini taratibu. "Prosesa ikichemka inakosea kuandika faili. Hiyo iko ya kujifunza, haiko zambi. Lakini sababu gani ulijaribia kwa kitu cha mutu? Haukuwa na chako?"

Nikamuuliza kama naweza kumwambia mama kwamba kaseti ilikatika.

"Utaenda Kibati leo," alisema Muzee Anselme. "Utamwambia ile yenye ulifanya."

Nilimkuta Mama Kavira uani akichagua maharagi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakupiga kelele. Alichagua maharagi mengine machache, kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Lakini wewe ulimusikia, papa. Siku ngapi uko na ile filamu? Alimwambia mutoto nini?"

Mwanangu, siku tatu nilikaa mbele ya uso wa yule mzee, sauti yake ikiwa masikioni mwangu, na sikushika neno hata moja. Nilikuwa naangalia kasi. Namba ile ya kasi ningeweza kumtajia.

Nikatafuta kichwani, nikapata kitu kimoja tu. "Mama, kabla ya kusema, aligeuka. Aliangalia mulango wa jikoni, akangoja kidogo. Kisha ndipo akaanza."

Mikono yake ikasimama juu ya maharagi.

"Alikuwa ananitafuta," alisema. Akajifunika uso kwa kitenge, nami nikabaki nimesimama pale mpaka aliponiambia nikae.

Jumapili nilienda misani. Hakuna aliyenisema. Hilo lilikuwa gumu kuliko matusi.

Sasa jibu lako. Hakikisha kwanza prosesa yako na bodi inayoibeba vinaruhusu kuongezwa kasi. Soma inatoa joto la wati ngapi, ukijua kwamba ukiongeza kasi, na zaidi ukiongeza umeme wake, joto litapanda kuliko unavyodhani. Uwezo wa kipozeo uzidi wati hizo kwa kiasi kikubwa. Chagua kikubwa cha hewa, chenye mabomba ya shaba na feni pana. Cha maji ni kizuri, lakini pampu ikifa, hapa Goma utangoja sana kupata nyingine. Pima urefu wake, usije ukakuta sanduku halifungi. Dawa ya kupitisha joto, ile ya kati ya prosesa na kipozeo, paka kidogo tu. Hewa iwe na pa kuingilia na pa kutokea, na vumbi ulitoe kila mwezi, si siku unapokumbuka. Kisha pandisha kidogo kidogo, uipe mashine kazi nzito kwa saa nyingi huku ukiangalia joto. Ikizimika yenyewe, rudi chini. Usiiwashe na kuendelea kama mimi.

Na haya yote uyafanye kabla kazi ya mtu haijaingia ndani yake. Ikiingia, weka nakala mahali pengine, na uisikilize. Watu watakuletea sauti za wazazi wao wakidhani unajua unachokishika.

Mungu akupe akili ya kungoja, mwanangu. Wanaokukabidhi vitu vyao wavikute salama, na jina lako litajwe kwa wema katika nyumba zao. Nenda na amani.