Mguu wa Fundi Paa

Fundi paa huyu, jamani, atamzeesha daktari wa mifupa kabla ya siku zake. Alipoporomoka kutoka juu ya nyumba ya watu, kifundo cha mguu kilivunjika, na mfupa mmoja mle ndani ukakosa damu ukafa. Daktari akautoboa ili damu irudi, akamkazia macho: usiukanyagie mguu huu! Naye hukubali mbiombio, kisha siku ya kliniki huja na magongo ameyabeba begani kama mbao. Mikono yake haijui kutulia. Akikaa karibu na ukuta, ataupiga konzi na kusikiliza. Meza ameigonga, kabati ameligonga, hata plasta ya mguu wake huigonga, halafu anamtangazia muuguzi, "Kazi safi hii, dada, haivuji."

Leo daktari amemwonyesha picha ya eksirei: mfupa umebonyea kama kopo. "Umeukanyagia, mzee. Sasa ni kuondoa kilichokufa na kuifunga mifupa pamoja kwa skrubu. Maumivu yatakwisha, ila kifundo hakitakunjika tena maisha."

Mikono ile ikatulia mapajani. Daktari akashusha pumzi, akidhani safari hii maneno yameingia. Kumbe! Fundi alivuta kigoda, akakiinamisha, akaegemeza unyayo wake juu yake, vidole juu, kisigino chini.

"Basi kifunge hivihivi, daktari. Huu ndio mwinamo wa paa."

"Na huku chini utatembeaje?" daktari akafoka.

"Chini huwa nashuka kulala tu."