Nyawira Hachomoi Waya

Ukitaka kumjua Nyawira, mfunge bao. Atalaumu kiti. Atalaumu pedi ya gemu, kisha jua linaloingia dirishani, na akimaliza hayo yote atamlaumu mtu aliye karibu naye. Kwa bahati mbaya mtu huyo huwa mimi. Tunaishi ploti moja huku Riruta, milango yetu inatazamana, na yeye na mama yake hawajawahi kuongea kwa sauti ndogo tangu nihamie.

Siku za kazi Nyawira hukaa mapokezi katika kliniki moja ya meno kule Hurlingham. Kazi yake ni kuwaambia watu wenye mashavu yaliyofura, "Karibu, keti, hautasikia uchungu," uongo anaousema kwa sauti tamu hadi wengine humshukuru. Jumamosi mchana sauti hiyo huvuliwa pamoja na sare. Jumamosi ni ligi.

Ligi yenyewe ni ya mpira wa kwenye skrini. Kila mchezaji yuko kwake na pedi mkononi, mnakutana mtandaoni. Aliyeianzisha ni Akash wa Westlands, kijana anayeuza masinki na mabomba katika duka la familia yao, na huiendesha kana kwamba amekabidhiwa Kombe la Dunia alitunze chumbani. Katika ligi nzima Nyawira ndiye mwanamke pekee na ndiye mtu wa Riruta pekee. Mambo hayo mawili anayavaa kama medali.

Basi ikaanza shida. Kila Jumamosi, mechi ikichemka, wachezaji wa Nyawira walikuwa wanaganda. Mpira unaenda, wao wamesimama kama watu waliosahau walichotoka nyumbani kununua. Halafu mtandao unakatika, mechi inafutwa. Mara za kwanza Akash alicheka. Baadaye akatuma sauti kwenye grupu, kila mtu akasikia:

"Nyawira, sikiza. Kila ukifungwa, intaneti yako inakufa. Hiyo inaitwa kuchomoa waya, bana. Jumamosi hii tunarudia mechi yetu. Ikikatika tena nakutoa kwa ligi, na kila mtu atajua ni kwa nini."

Kwa haki, Nyawira hufungwa muda mwingi wa maisha yake, kwa hivyo jambo lolote likitokea, litamkuta akiwa amefungwa. Nilimweleza hivyo kama utetezi. Hakuupenda.

"Nifungwe, sawa," akasema. "Nichekwe, sawa. Lakini mwizi? Mimi Nyawira? Afadhali aning'oe meno."

Alikuwa ameshaita fundi wa kampuni ya intaneti. Fundi alikuja Jumatatu, akapima, akasema laini iko safi kabisa, akanywa chai ya Mama Nyawira, akaenda zake. Ndipo asubuhi ya ile Jumamosi Nyawira akanigongea mlango.

"Kibe, si wewe ulisomea mitandao?"

"Nusu."

"Basi kuja na hiyo nusu."

Nikaja na laptopu. Jambo lenyewe si gumu. Mchezo ukisafiri kwenye intaneti hukatwa vipande vidogo, pakiti, na kila pakiti hupita vituo kadhaa kabla ya kufika kwenye seva, ambayo kwa gemu hii iko Afrika Kusini. Pakiti zikipotea njiani, mchezaji wako anaganda. Kuna programu inayoita kila kituo, tena na tena, na kukuonyesha nani anaitikia na nani hasemi kitu. Cha kwanza ni ruta ya nyumbani, cha pili ni mtambo wa kampuni huko nje, na kuendelea hivyo hadi seva.

Nikaiwasha. Kituo kimoja cha katikati hakikuitikia hata mara moja.

"Nimempata!" nikapiga meza. "Huyu hapa anameza kila kitu. Si wewe, ni njia. Andikia Akash sasa hivi."

Nyawira alikuwa ameshashika simu. Kisha akainama karibu na skrini.

"Na hivi vituo vilivyo baada yake? Mbona vinaitikia?"

"Vinaitikia tu."

"Kibe. Kama huyu amemeza kila kitu, hizo pakiti zilimpitaje? Chini ya mlango?"

Huenda hilo lilikuwa kwenye ile nusu nyingine ya diploma.

"Huyu ni kama daktari wetu wa kliniki," akasema. "Ukimpigia simu hashiki, lakini wagonjwa anapitisha. Hana makosa, ana madharau tu."

Ni kweli. Pakiti zilikuwa zinafika hadi mwisho bila hata moja kupotea. Laini ilikuwa safi, na hilo ndilo lililomtia hofu: mchana ikikatika, atasema nini?

Sauti ikatoka jikoni. "Nyawira! Hizo nguo zitajianika?"

Sheria ya Mama Nyawira ni moja: hakuna gemu kabla nguo hazijaanikwa. Nyawira akatoka na beseni, akinung'unika. Mimi nikabaki na programu ikiita vituo, nikijipikia maneno ya kumwambia Akash.

Mara kituo cha pili kikaruka mwito. Kikaruka mwingine. Na safari hii vyote vilivyofuata viliruka pamoja nacho, hadi seva.

"Nyawira! Inapotea!"

Akaingia mbio, mikono ikichuruzika maji. "Ruta inaitikia?"

"Kila mara."

"Kituo cha pili?"

"Kuanzia hapo hadi mwisho, zinapotea."

"Kwa hivyo shida iko kati ya ruta na hicho cha pili. Na kati yao kuna nini?"

"Waya tu," nikasema.

Tukaufuata kwa macho. Waya mweusi wa faiba unatoka kwenye ruta, unapita dirishani, unavuka uwanja wa ploti kuelekea kwenye nguzo. Katikati ya uwanja, juu ya waya huohuo uliopinda kama mgongo wa punda, lilining'inia blanketi zito lenye picha ya simba, likidondosha maji. Kando ya simba vilifuatana vitambaa vyeupe vya akina mama wa kanisa, vimebanwa kwa vibanio.

Ndani ya faiba hupita mwanga, na mwanga haupendi kukunjwa. Jioni blanketi likikauka, waya unanyooka. Jumatatu fundi anakuta laini safi na chai tayari. Na aliyekuwa akianika kila Jumamosi, mbiombio ili awahi mechi, ni Nyawira mwenyewe.

Alitazama simba. Simba akamtazama.

"Afadhali ningekuwa mwizi," akasema.

Mama Nyawira akatoka na sinia la minji, njegere mbichi za kumenya. "Nini tena?"

"Mum, hii waya si ya nguo."

"Ile ingine iko na kutu! Unataka kesho nisimame mbele ya kanisa na mstari wa kahawia kichwani? Hii ni safi, haichafui. Kama gemu yako inataka waya, nitafutie yangu."

Nyawira akampigia Akash kwa video. Nilidhani angezungukazunguka. Wapi!

"Akash, ulisema nachomoa waya. Ni kweli. Nachomoa na blanketi." Akamgeuzia kamera uwanjani. "Kibe, soma. Blanketi juu!"

"Zinapotea!"

Akaliondoa likamlowesha tumbo zima. "Blanketi chini!"

"Zinafika!"

Akamrudia Akash mchezo huo hadi nguo yake ikawa imelowa kama blanketi. Akash alianza kwa kukunja uso, akamaliza akifuta machozi. "Wewe! Hata Prabha, nyanya yangu, ameanika leso kwa waya ya intaneti yetu. Na mimi nimelaumu hii kampuni mwaka mzima!" Nikasikia viatu vyake vikikimbia.

Ikabaki waya wa mama. Nyawira alikuwa na kebo ndefu ya buluu, fahari yake, iliyotoka kwenye ruta sebuleni hadi chumbani kwake ili acheze peke yake kwa amani. Akaichomoa pande zote mbili, akaifunga uwanjani kutoka msumari hadi msumari, na simba akapanda juu yake pamoja na kanisa zima.

Kwa hivyo mechi aliichezea sebuleni, amekaa sakafuni karibu na ruta kwa kebo fupi, mama yake nyuma akimenya minji na kuuliza kwa nini yule wa jezi nyekundu hapewi mpira. Haikuganda hata mara moja. Nilikuwa nahesabu pakiti, hakuna iliyopotea. Mabao ya Akash pia hayakupotea. Yote matatu yalifika.

Filimbi ilipopigwa, Akash aliandika kwenye grupu: "Nyawira hachomoi waya. Anabaki kwa ligi. Mpira ndio hajui."

Nyawira aliisoma mara mbili, akatabasamu. Kisha akaanza kutazama huku na huku, akitafuta. Mama yake akainua sinia. "Mimi niko na minji zangu."

Macho yakanifikia.

"Kibe," akasema, "kwani lazima upumue hivyo?"