Majogoo Niliowanenepesha

Mwezi uliopita nilirudi Musonoi nilikokulia, ndugu yangu, na pale palipokuwa lupango letu, kiwanja cha nyumba yetu, sasa ni shimo la mgodi. Nilisimama ukingoni, vumbi jekundu puani, nikasikia jogoo akiwika mbali.

Nkambo wangu, mama yake mama, alifuga kuku wa kuangua vifaranga, na watu walivifuata hata kutoka Mutoshi. Alikuwa na majike ishirini na majogoo wawili tu. Wa tatu, alisema, angeleta vita. Kila Jumamosi aliwakamata majogoo hao, akachungulia nyayo, akapunguza miiba ya miguu, akapapasa kifua. Chakula chao kilikuwa kando, mahindi ya kujaza kopo moja tupu la nyanya kila asubuhi. Kuwagawia ndiyo ilikuwa kazi yangu.

"Usibapatie mingi," alikuwa akiniambia. "Jogoo ya mafuta haiwezi kupanda majike. Mayai itabakia maji."

Nilikuwa na miaka tisa, na niliwaonea huruma. Mwaka ule goti lilimuuma nkambo, akaacha kuwakamata. Kopo moja likawa matatu, pamoja na makombo ya bukari, ugali wetu.

Kuku watano wakalalia mayai. Siku ya saba nkambo alifunga mlango wa jikoni, akainua yai moja moja mbele ya tundu la bati lililopenyeza jua. Yai lenye kifaranga huonyesha mishipa myekundu. Yale yote yalikuwa meupe.

Alitoka nalo moja hadi kwenye uzio. Mama jirani, rafiki yake wa siku nyingi, alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Juzi yake tu alikuwa amewasifu kuku wetu.

"Ni weye," nkambo alimwambia. "Macho yako ndiyo iliharibu mayai yangu."

"Mi? Miaka yote tunaombana moto wa jiko, leo unaniita mulozi, muchawi?"

Nilisimama nyuma ya nkambo, kopo mkononi.

Wanawake wakaacha kuchota maji naye. Watoto wake wakatupiwa mawe. Kabla ya mvua alifunga godoro kwenye baiskeli, akaondoka nao. Alipopita kwetu alisalimia. Nkambo akatazama pembeni.

Wiki mbili baadaye nkambo alimkamata jogoo, akapapasa kifua kilichojaa mafuta, akanigeukia.

"Ulikuwa unabapatia makopo ngapi?"

"Tatu."

Aliketi chini. Nilingoja kuchapwa. Akasema tu, "Usiambie mutu." Jioni tuliwala majogoo wale, na hakuna aliyesifu mchuzi. Nkambo alikufa bila kumtafuta rafiki yake, nami niliitunza siri ile kama mtoto mtiifu.

Mwezi uliopita, karibu na shimo, nilimkuta mama mmoja wa mtaa wetu wa zamani akiuza maandazi kwa vijana wachimbaji. Nikamuuliza habari za jirani yetu.

"Ule mulozi?"

Nikamweleza yote: kopo, mafuta, mayai. Alinisikiliza huku akifukuza nzi.

"Sasa unaniambia mi ya nini?" akasema. "Alishakufa kule Likasi. Na batoto bake bangali banaitwa vile."