Nta kwenye Mashine ya Babu

Leo nimekaribia kuvunja ndoa ya babu na bibi kwa bisibisi.

Mnakumbuka lile dude la chuma nililolitoa bandani kwao Usoke? Wajuaji wa humu mlisema ni kinu. Wapi! Ni mashine ya kupandia mbegu, ya kuvutwa na trekta dogo, mali ya kijiji enzi za Ujamaa.

Dereva alikuwa babu.

Msimu mmoja walipanda karanga, mistari mizima haikuota kitu. Babu akanyang'anywa trekta, akapewa jembe. Mpaka leo wazee wenzake wanamwita Bwana Jangwa.

Basi leo nimefungua matundu ya kudondoshea mbegu. Yamezibwa! Nakwangua, inatoka nta. Nta ya nyuki kabisa, jamani.

"Babu, hii nta iliingiaje humu?"

Babu kashangaa. Bibi, ambaye enzi hizo ndiye aliyejaza mbegu na kuisafisha mashine jioni, kaanza kucheka mpaka kanga inamdondoka.

"Niliziba mimi. Karanga zilizobaki ndani nilikuja nazo nyumbani. Unadhani baba yako alinenepa kwa hotuba?"

Mimi nipo katikati yao na bisibisi mkononi. Wadau, nicheke au nikimbie?

Babu kasimama. "Miaka yote hii naitwa Bwana Jangwa, kumbe mwizi nalala naye?"

Bibi kajifuta machozi ya kicheko.

"Na karanga ulikuwa unakula, tena unaomba uongezewe."