Madumu Yenye Rangi ya Kucha

Kwa miaka mingi nimeandika makala kuhusu Ziwa Victoria bila kuingia ndani yake kupita magoti. Wasomaji hawakujua. Binti wa jirani yangu hapa Kirumba alijua, kwa sababu aliniona siku moja nikikimbia wimbi, viatu mkononi.

"Shikamoo anko. Kumbe unaliogopa?"

"Marahaba. Naliheshimu."

"Basi njoo Jumamosi uliheshimu ukiwa ndani."

Alikuwa anasomea ualimu katika chuo kikuu cha nchi jirani. Kila likizo aliwakusanya wanawake wanaouza dagaa soko la Mwaloni na kuwafundisha kuogelea. Wazo lilianzia kwa mama yake, ambaye hupanda boti kufuata dagaa visiwani na hajui kuogelea hata kidogo. Ukimuuliza atapona vipi boti ikipinduka, alikuwa akijibu, "Mungu yupo."

"Yupo, mama," binti alisema, "na miguu amekupa."

Mama aligoma. Wenzake wakaenda.

Yule binti alichagua mahali penye mawe na mawimbi, mbali na matete, kwa sababu ya kichocho. Vifaa vyake vilikuwa madumu matupu ya mafuta ya kula. Mifuniko aliiyeyusha kidogo kwa moto mpaka ikagandamana, maji yasipenye. Kila dumu alilitia alama kwa rangi nyekundu ya kucha, kama kina mama wanavyotia alama sufuria zao zisipotelee msibani. Ulikumbatia dumu, ukapiga miguu, naye akatembea kinyumenyume mbele yako akisema, "Puliza! Puliza mapovu!"

Mimi na shahada zangu na kitambi changu tukapuliza.

"Mwoneni anko," mmoja wa wauza dagaa akasema. "Anapuliza kama anapoza uji."

Yule binti hakumcheka mtu aliyeogopa. Aliwacheka waliojifanya hawaogopi, na katika darasa zima nilikuwa mimi tu. Wala hakumnyang'anya mtu dumu. "Utaliacha mwenyewe," alikuwa akisema, kisha anageukia mwingine. Nimefundisha maisha yangu yote na sijawahi kuwa na subira ya namna hiyo.

Muhula uliofuata, watu wenye bunduki waliingia bwenini kwao alfajiri wakaua wanafunzi. Yule binti alikuwa mmoja wa waliouawa. Sielezi zaidi, kwa kuwa mama yake hataki. Redio ilipomtaja kuwa mwathirika wa ugaidi, aliinuka akaizima. "Hiyo ni habari ya kazi yao," alisema. "Mwanangu alikuwa na kazi yake."

Siku ya mazishi maji ya bomba yalikatika, na uani palijaa watu. Kamati ya maji ikasaka vyombo, ikakuta stoo madumu yamepangwa vizuri. Mifuniko ikagoma kufunguka. Wakafanya ambacho kamati yoyote ya msiba ingefanya: wakaleta kisu, wakakata vichwa vya madumu yote, wakapata ndoo.

Wauza dagaa walipoona alama nyekundu, mmoja akaangua kilio kikubwa kuliko kile cha wakati jeneza lilipofika. Mkuu wa kamati, jitu la watu, akasimama na kisu hajui akiweke wapi.

"Jamani, si madumu tu haya?"

"Madumu tu? Hiyo ndiyo shule yenyewe!"

Nilidhani shule imezikwa pamoja na mwalimu wake. Mama, nilidhani, hata angepata nafuu, maana mambo ya ziwa hakuyapenda. Alipoambiwa, aliomba aletewe dumu moja pale mkekani. Akapitisha kidole juu ya alama.

Siku ya kuanua tanga, wazee wa ukoo walipomaliza kusema, akaomba nafasi. "Ambaye hajatoa rambirambi asinipe pesa. Anipe dumu lenye mfuniko."

"La nini tena, shemeji, na wageni wameshaondoka?" mzee mmoja akauliza.

"La kuogelea."

Wazee wakatazamana. Jioni madumu yakaanza kuingia, kutoka kwa mama lishe, kutoka kwa watu nisiowajua. Mkuu wa kamati alikuja na yake yamefungwa kamba begani kama mtu aliyevua sato. Mama akakaa jikoni kuyeyusha mifuniko, akaungua vidole, na madumu ya kwanza yote yakavuja. Wauza dagaa ndio waliomwelekeza. Alama aliweka mwenyewe, kwa kichupa cha rangi kilichobaki dirishani kwa bintiye.

Sasa Jumamosi hufundisha yule aliyenisema napoza uji. Mama hukaa juu ya jiwe, kanga hadi miguuni, akifoka "Puliza!" kwa ukali ambao binti hakuwa nao. Mimi nimefika kifuani. Dumu nimelikumbatia kama mtoto wa kuzaa.

Juzi mama alishuka kutoka kwenye jiwe. Akaingia hadi magotini, kina cha makala zangu zote, kisha hadi kiunoni, midomo ikicheza kama anasali. Akaangaza huku na huku. Madumu yote yalikuwa na watu. Akaninyooshea mkono.

"Nipe hilo."

"Dada, na mimi?"

"Wewe una makala."

Nikaliachia. Akalikumbatia, akafumba macho, akainua miguu kutoka mchangani.

"Puliza, dada," nikamwambia.

Akapuliza.