Siku Niliyojificha Kwenye Pamba

Jamani, mkasa huu sijawahi kumsimulia mtu yeyote wa huku Poland ninakosoma, na wale wa nyumbani Ngulyati hawahitaji kusimuliwa maana walikuwepo wote, kwa hiyo ninyi mliobaki katikati ndio mtacheka leo, na mcheke tu, nimeshazoea. Niseme ukweli tangu mwanzo: chanzo kilikuwa wivu. Mama huwaambia watu nilikuwa na uchovu wa safari, lakini mimi najijua, ulikuwa wivu mtupu, na ulikuwa unanila tangu siku niliyoshuka Bariadi.

Nilikuwa namwonea wivu Masunga, mtoto wa shangazi. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukachunga pamoja, tukakaa dawati moja, ila mimi nilifaulu na yeye akapata sifuri kidato cha nne, akarudi kulima pamba. Mimi leo nasomea siasa na utawala, mwaka wa tatu, kwenye baridi ya kudondosha masikio. Sasa fikiria nimerudi likizo ya Julai, mara ya kwanza tangu niondoke, naambiwa Masunga ndiye mwenyekiti wa kitongoji. Mimi naandika insha kuhusu uongozi, yeye anaongoza (na suruali ya maana anayo moja tu). Na baba yangu mzazi, badala ya kuniuliza habari za Ulaya, kila tukikaa kula ananihadithia jinsi Masunga alivyosuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, jinsi Masunga alivyofuatilia mbegu mpaka zikaletwa, Masunga hivi, Masunga vile. Nilikuwa natabasamu huku ugali haushuki.

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho Masunga hana, nacho ni maoni. Kule Poland sisi wanafunzi wa Kitanzania tuna kundi letu la simu, kazi yetu ni kuijadili nchi, nani arudi, nani abaki, nani mzalendo na nani msaliti, na mimi ndiye nilikuwa naandika kwa ukali kuliko wote, serikali imelala, wananchi waoga, na kadhalika. (Kuwa mkali ukiwa mbali namna ile ni kazi nyepesi sana, mtu yeyote anaweza.) Basi niliposikia Masunga ameitisha mkutano pale gulioni, tunapouzia pamba, nikamwomba anipe kipaza sauti dakika kumi. Ndio uamuzi wenyewe mdogo huo. Akakubali bila kufikiri. "Karibu kaka," akasema, "watu watafurahi kukusikia." Wema wake ukaniudhi zaidi.

Baba hakutaka kuja. Alikuwa na ng'ombe wake machungani, na wale huwa hamwachii mtu. Nikamng'ang'ania. Nilitaka anione nimeshika kile kipaza sauti, anilinganishe na yule mwingine. Mwishowe akamwachia mama ng'ombe kule bondeni, akavaa koti lake la kanisani, akaja kukaa mstari wa mbele.

Nilivaa suti nyeusi. (Saa nane mchana, kwenye vumbi la gulio, nyeusi.) Nikawasalimia kwa Kisukuma, "Mwadila," wakaitika vizuri, nikaona nimeshawaweka mfukoni. Nikasema juu ya vijana wanaoikimbia nchi, nikasema mzalendo wa kweli ni yule anayesema ukweli hata kama anatafutwa, halafu nikashusha sauti, ile sauti ya mtu anayejua mambo, nikaongeza kwamba kwa niliyoyaandika mimi, sitashangaa wakinifuata hata hapa leo. Uongo. Kuna watu wanatafutwa kweli na hawana cha kuringia, lakini maandishi yangu yalikuwa yanasomwa na watu wasiozidi ishirini, nusu yao ninaoishi nao bweni moja. Ila nilimwona baba ameinama mbele kunisikiliza, na Masunga ameacha kuandika kwenye daftari lake, nikanogewa.

Hapo ndipo filimbi zilipolia. Ya kwanza upande wa bondeni, ya pili barabarani, halafu nyingi kwa pamoja. Watu wakanyanyuka kama mtu mmoja, wanaume wakaokota fimbo zao, mbio, baba na koti lake naye mbio. Sasa, mtoto aliyekulia Ngulyati anajua kwamba hizo ni filimbi za sungusungu, ulinzi wetu wa kijiji, na zikilia maana yake ni moja, ng'ombe wameibiwa, na kila mwanaume anakimbilia zinakolia bila kuuliza swali. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini dakika mbili nyuma nilikuwa nimejitangaza kuwa mtu wa kutafutwa, na kumbe nilikuwa nimeuamini uongo wangu mwenyewe. Moyo ukaniambia, wamekuja. Nikatupa kipaza sauti, nikakimbia upande wa pili peke yangu, nikaingia kwenye ghala la pamba, nikajichimbia kwenye lundo mpaka shingoni.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Nikatoa simu, nikawarekodia wale wenzangu wa Poland kwa kunong'ona: "Ndugu zangu, wamenifuata. Nisiporudi, mjue nilisimama na nchi yangu." (Nilikuwa nimelala kifudifudi.) Nikatuma, nikazima data kusudi wasinifuatilie kwa mtandao, nikakaa humo zaidi ya saa nzima, pamba puani, pamba masikioni, nikitunga hotuba ya mahakamani.

Kilichonitoa ni sauti za ng'ombe na watu wanaimba. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango, nikamwona Masunga mbele, shati limechanika, na nyuma yake ng'ombe, na wa kwanza alikuwa yule mwenye pembe iliyopinda. Ng'ombe wa baba. Wezi waliwakuta na mama peke yake bondeni, wakamsukuma akaanguka, wakawaswaga kuvuka mto, na Masunga ndiye aliyetangulia kuingia majini. Nikataka kurudi ndani ya lundo nikae humo mpaka likizo iishe, lakini simu ikaanza kuita, Poland hao wanapiga kwa laini ya kawaida, na karani wa ghala akafungua mlango. Nikatoka mbele ya watu wote nikiwa mweupe kuanzia nywele mpaka viatu.

Hakuna aliyecheka kwanza, maana kutoitika filimbi ni kosa, kunakupeleka mbele ya wazee wa sungusungu, na unatozwa mbuzi. Halafu mwalimu mmoja mwenye mtandao mzuri akainua simu yake. "Mbona hapa mtandaoni wenzako wa Poland wameweka picha yako na mishumaa? Wanasema umekamatwa." Hapo ndipo walipocheka, na ninyi mnajua Wasukuma tukicheka.

Wazee wakauliza nitozwe mbuzi wangapi. Masunga akapangusa maji usoni, akasema kwa upole, "Msimtoze. Huyu ni mgeni." Wazee wakatikisa vichwa, ni kweli, mgeni hatozwi. Wallahi nilitamani wanitoze. Nilitamani nitoe hata mbuzi watatu, nipigiwe kelele kama mtu wa pale, kuliko kusamehewa vile, na kusamehewa na yeye. Baba alivua koti, akanifuta pamba kichwani kwa mkono, akaenda kuwahesabu ng'ombe wake.

Mama nilimkuta nyumbani anajiosha goti lililochubuka. Hakunigombeza. "Ng'wanone, mwanangu, hukunisikia?" akaniuliza. "Kabla ya zile filimbi nilipiga yowe. Niliita jina lako, kwa kuwa nilijua uko karibu."

Sikusikia kitu, kipaza sauti kilikuwa mdomoni kwangu.

Huku Poland wenzangu bado wanajadili nani mzalendo na nani arudi, nami siku hizi nasoma tu, siandiki. Masunga bado namwonea wivu, sitawadanganya, mama akisikia mbwa wanabweka anampigia yeye simu. Lakini nimejiapiza: nikirudi siombi kipaza sauti tena maishani. Nitakwenda kwa Masunga, nimpigie magoti ikibidi, aniandike kwenye lile daftari lake la sungusungu, ili siku filimbi ikilia na mimi sijatokea, nitozwe mbuzi kama mtu wa kwao.