Kitone cha Rangi Mbili

Nikipita mtaa wa Noonkopir siku hizi huwa nainua macho kutafuta chumba chetu, pale juu ya kinu cha kusaga mahindi. Mashine ilipowashwa, sakafu ilitetemeka na chai ikacheza kikombeni. Hapo ndipo mimi na rafiki yangu, msichana wa Kimaasai niliyesoma naye jiografia chuoni, tulichora ramani ya watu waliopigwa na polisi Kajiado. Takwimu zilikuwa wazi mtandaoni, yeyote angeweza kuzisoma. Sisi tulitaka zionekane: kila tukio kitone, kila kabila rangi yake, ijulikane kama kuna jamii inayoumizwa kuliko nyingine.

Jumamosi moja tulienda kijiji cha Kimuka kumwona mwanamume aliyevunjwa mkono na askari sokoni. Tulimkuta akinywesha mbuzi. Rafiki yangu akamsalimia kwa Kimaasai, "Supai," naye akaitikia, "Ipa," akatuletea viti. Nikamfungulia ramani kwenye laptopu. Alikitazama kitone chake, akauliza:

"Kwa nini niko na rangi hii?"

"Takwimu zinasema wewe ni Mkikuyu," nikamwambia.

"Mama ndiye Mkikuyu. Baba ni Mmaasai. Waliokusanya takwimu walisoma jina nililopewa la upande wa mama kwenye kitambulisho, wakamaliza. Hakuna aliyeniuliza."

"Sasa tukuandike nani?"

"Kwani lazima mnikate, dada? Mkono umetosha."

Akacheka. Rafiki yangu naye akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilishindwa kucheka.

Programu yetu ilikubali rangi moja tu. Rafiki yangu alihangaika nayo mchana kutwa, mpaka kitone kikagawanyika: nusu hii, nusu ile. Kisha tukawapigia simu wengine tulioweza kuwapata, tukiwauliza wenyewe wanataka kuandikwa vipi. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe kwa kipigo cha polisi alisema, "Andika alikuwa wangu." Hatukuwa na rangi ya hiyo. Tuliyaweka maneno yake kando ya kitone.

Ramani ilipotoka haikuwa safi kama tulivyoiota, lakini niliipenda zaidi. Yule wa Kimuka alipiga simu kusema amemwonyesha mama yake, na mama ameomba kuiona tena. Kesi aliyomshtaki askari bado haijasikizwa.

Rafiki yangu aliolewa Kisumu. Tukipigiana simu tunaongea habari za watoto na mvua, na mara nyingine ananiuliza, "Yule wa mbuzi, mkono wake ulinyooka?" Haukunyooka.